Wimbo wa Mama Kristina

Annaberg, 9 Februari 1672

Kwa mdogo wangu Balthasar, Magista na mchungaji, Leipzig.

Pokea salamu zetu, wewe na wifi Justina na mwanenu Gottlieb. Huku theluji imefika madirishani, tunatokea mlango wa zizi la mbuzi. Mama anakula kidogo na kukohoa sana, na kila asubuhi anauliza kama umeandika. Namwambia una kazi nyingi. Ananijibu, "Kazi hazimalizi wino." Macho yake yamekwisha, hawezi tena kufuma lesi, lakini bado anashika vijiti vyake viwili na kuvigonganisha asikie mlio. Mimi na akina Barbara tunakaa hapa sebuleni, wanawake tisa na jiko moja, kila mtu na mto wake wa lesi mapajani, tunafuma na kuimba tangu kunakucha.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Nasikia kitabu chetu kinapigwa chapa mara ya pili. Nimesema chetu, usikunje uso. Nyimbo zile arobaini na tatu nilizitunga mimi, hapa hapa kwenye lesi, na wewe ukaweka jina lako kwa sababu ulisema wakaguzi wa vitabu hawatapitisha nyimbo za mjane wa mchimba madini. Nilikubali. Nilitaka ziimbwe, na zinaimbwa. Uliniahidi kwamba kwenye dibaji utasema zimetoka kwa "mtu wa nyumbani kwangu". Dibaji nimeisoma mara nyingi, huyo mtu simwoni.

Yaliyopita si ndwele. Safari hii nakuomba wimbo mmoja tu, ule wa mwanangu Kristina. Niliutunga siku niliyotoka makaburini, kifua kikiniuma kwa maziwa yaliyokosa wa kuyanyonya. Sitaki hata jina langu. Juu ya wimbo andika tu: *Umetungwa na Mama Kristina*. Maneno manne, Balthasar. Zile nyingine baki nazo, mimi nitanyamaza.

Mama anasema uvae soksi za sufu mimbarini.

Dada yako,
Rosina


Leipzig, 2 Machi 1672

Kwa dada yangu Rosina, mjane wa marehemu Leubner.

Neema na amani ya Mungu Baba yetu ziwe nawe. Barua yako ilifika imelowa, lakini inasomeka. Hapa sote wazima. Gottlieb ameng'oka jino la mbele na anakula soseji kwa upande mmoja wa mdomo, amenenepa kama mtoto wa meya. Justina anaomba umfumie lesi ya kola, upana wa vidole vitatu, kwa ajili ya karamu ya rais wa baraza la kanisa. Mama anywe bia ya moto iliyokorogewa yai.

Ombi lako haliwezekani. Kitabu si kapu la sokoni, kila mpita njia atie kitunguu chake. Wasomaji wakimwona huyo Mama Kristina watauliza ni nani, na wakishajua ni nani watauliza nyimbo nyingine ni za nani. Kiti cha msimamizi wa wachungaji kiko wazi mwaka huu na jina langu linatajwa. Wewe hujui mambo ya huku, na sikulaumu kwa hilo.

Isitoshe, nyimbo zile ulinipa zikiwa kama mbao mbichi. Mimi ndiye niliyezipiga randa. Hata huo unaoupenda sana una kasoro moja kubwa, na nimeshairekebisha katika chapa mpya. Wewe uliandika:

*Lala, kipenzi, ulale, udongo ndio mto wako;*
*Ziwa langu limejaa, iko wapi midomo yako?*

Dada, mambo ya ziwa la mwanamke hayasomwi mbele ya madaktari wa teolojia. Sasa ni *Jicho langu limejaa*. Mizani ni ile ile, na heshima imeongezeka. Utanishukuru.

Wako katika Kristo,
M. Balthasar Thiele


Annaberg, 24 Machi 1672

Balthasar,

Mama anakusalimu. Mimi nakusalimu kwa sababu yeye yuko hapa anasikiliza kalamu inavyokwaruza. Lesi ya Justina sijaianza.

Jumanne alikuja Kantor Hempel, yule anayetuimbisha kanisani, katoka kwenu Leipzig kutafuta fundi wa kinanda. Kaja na nguo nyeusi, kofia mkononi, kanishika mkono hataki kuuachia.

"Dada Rosina, poleni. Poleni sana."

"Pole ya nini tena, Kantor?"

"Ya mtoto wa Magista. Nilikuwapo kwenye karamu ya rais wa baraza. Wakamwuliza, ule wimbo wa mtoto uliutunga lini? Akasimama, akasema aliutunga usiku ule aliomzika mwanawe. Meza nzima ililia. Mimi mwenyewe nililia, na nilikuwa nimeshiba."

Mama alikuwa nyuma ya jiko. Haoni, lakini masikio anayo. "Gottlieb?" akasema. "Gottlieb wangu kafa, na Balthasar hakuniambia?" Akaanguka na kiti chake.

Tulimwinua mimi na Barbara. Nikaitoa barua yako, nikamsomea habari ya jino na soseji, nikarudia tena na tena mpaka akaelewa kwamba mtoto yu hai. Alitulia, lakini tangu siku hiyo hajatoka kitandani, na kikohozi kimemshuka kifuani.

Umemzika mtoto mzima na soseji mdomoni. Wewe mchungaji huogopi? Na machozi uliyowatoza wale mabwana ni ya mtoto wangu mimi. Kristina alipokufa hata mazishini hukuja. Uliandika kwamba una mtihani wa Kiebrania. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tulivyofundishwa, na wewe huujui, namshukuru Mungu kwa ajili ya Gottlieb kwamba huujui.

Na hilo jicho lako! Jicho na midomo wapi na wapi? Tangu lini mtoto akanyonya jicho? Kabla hujapiga chapa upuuzi huo muulize mkeo, yeye amenyonyesha.

Rudisha neno langu. Weka jina la mtoto wangu. Usipofanya hivyo nitasema.

Rosina


Leipzig, 27 Aprili 1672

Kwa dada yangu Rosina.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mahubiri ya Pasaka, kisha kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na hasira. Hasira imebaki, lakini naandika. Gottlieb mzima. Justina kanunua kola dukani.

Kuhusu Mama, inanisikitisha. Lakini aliyemwambia ni Hempel, si mimi, na mwenye kumwacha Hempel aropoke mbele ya mgonjwa ni wewe. Usinitwishe hilo.

Kuhusu karamu: waliniuliza ghafla. Ulitaka niseme nini mbele ya rais wa baraza la kanisa? Kwamba nimeazima msiba kwa dada yangu mfuma lesi? Neno lilinitoka, na likishatoka halirudi. Imebidi liingie na katika dibaji mpya, maana wote wameshalisikia. Watu wazima wanaelewa kwamba mshairi husema "mimi" kwa niaba ya wengi.

Unasema utasema. Utamwambia nani? Karatasi zako, zile zenye mafuta ya mshumaa na makombo ya mkate, niliwashia jiko zamani. Zilizopo ni nakala nilizoandika kwa mkono wangu mwenyewe. Barua uliyonikubalia ninayo. Kitabu kina jina langu, ruhusa ya wakaguzi ina jina langu, na wewe una wanawake wanane na jiko. Simama sokoni useme. Watakuonea huruma, watasema mjane kachanganyikiwa, na mwisho watamuuliza mchungaji wenu Weigel kwa nini hajakutembelea.

Nakushauri kwa upendo ufume lesi na umtunze mama yetu. Chapa ya pili itatoka kwa maonyesho ya Mikaeli, soko kuu la vitabu la mwisho wa Septemba, ikiwa na jicho.

M. Balthasar Thiele


Annaberg, 3 Juni 1672

Balthasar,

Mama hanyanyuki tena. Mchungaji Weigel ameshampa meza ya Bwana. Njoo.

Ametaka wimbo wa Kristina uimbwe kanisani siku ya kumzika. Hakutaka mwingine.

Nina ombi. Mwache Mchungaji Weigel aongoze ibada, wewe ukae nasi kwenye benchi la wafiwa, uwe mtoto wake tu. Usipande mimbarini. Sababu sitakueleza, maana nilishakueleza tangu Februari na hukusikia.

R.


Leipzig, 8 Juni 1672

Rosina,

Naondoka kesho kwa gari la posta. Nimeielewa hila yako. Unataka mtunzi wa wimbo akae benchini kama mchimba madini, huku Weigel akiuongoza wimbo wake! Nitahubiri mimi. Daktari Oehme wa baraza la kanisa ana safari ya huko milimani na ameahidi kuhudhuria, sitamwonyesha kwamba kwetu sina sauti. Wasifu wa Mama nimeshauandika.

Nakuja na karatasi mia moja za wimbo, zilizopigwa chapa upya. Mtaimba kama zilivyo.

M.B.T.


Leipzig, 1 Julai 1672

Kwa Rosina Leubner.

Sikukuaga. Sikula hata kipande cha mkate wa matanga, na sitaomba radhi. Mama amelala salama, Mungu ampokee. Baada ya hayo nakwambia wazi kwamba hukuwahi kunifanyia ubaya kama huu, na tangu utotoni umenifanyia mengi.

Nilihubiri vizuri. Hata wewe huwezi kulikana hilo. Daktari Oehme alikuwa kiti cha mbele, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha nikatangaza wimbo wangu, nikawasomea mstari kwa mstari kama ilivyo kwenye karatasi, nikasema *jicho* kwa sauti ambayo hata kiziwi angeisikia. Hempel akatoa sauti ya kuanzia. Na kanisa zima, wanaume, wanawake, wavulana wa shule waliosimama kando ya jeneza, wakaimba *Ziwa langu limejaa*.

Nilidhani wamekosea. Ubeti wa pili kiitikio kiliporudi nikapaza sauti mimi mwenyewe, "Jicho!" Wakanifunika. Ubeti wa tatu nikapaza tena. Wanawake wako wa lesi walikuwa wamefumba macho, karatasi zangu wamezikalia ili sketi zisishike vumbi. Niliimba *jicho* peke yangu, mbele ya jeneza la mama yangu, na watu mia nne wakiimba ziwa. Daktari Oehme akatoa leso. Nikadhani analia. Mabega yalikuwa yanamtikisika, Rosina, na hakuwa analia.

Wewe uliwapanga. Uliwafundisha usiku na mchana, na maiti ya Mama imo ndani ya nyumba. Umenivua nguo mbele ya watu. Ukitaka kuniandikia tena, andika kuniomba msamaha.

M. Balthasar Thiele


Annaberg, 18 Julai 1672

Balthasar,

Huku mvua haikatiki, na wanaochimba shimo la chini wanachota maji badala ya madini. Mbuzi amezaa. Kaburi la Mama limetitia kidogo upande wa miguu, nimeomba walijaze.

Sikumpanga mtu. Kwani wimbo ule waliujulia wapi, kwenye kitabu chako? Barbara alikuja kukaa nami siku ile ile ya kumzika Kristina, nikaimba, akaimba, na wote sebuleni wakaimba. Miaka saba wameuimba kwenye lesi, wakawaimbia watoto wao, na watoto wamekua wamewaimbia waume. Hapa hakuna anayeimba kwa karatasi, mwanangu wewe, na umezaliwa hapa! Ulipokuwa mdogo uliimba kwa kichwa kama sisi. Kwenda Leipzig kumekusahaulisha hata jinsi kwenu wanavyoimba. Nilikwambia kaa nasi benchini. Ungekaa benchini ungeimba ziwa na wewe, na hakuna ambaye angekutazama.

Nilikuona umeshika lile limau wanalopewa wachungaji washike mazishini, ukalikamua mpaka maji yakakutiririka kwenye mkono wa joho. Nilikuhurumia, nisikufiche, lakini huruma hiyo haikufika hata mwisho wa ubeti. Maana ulikuwa umeshasoma wasifu wa Mama, nusu saa nzima, jinsi alivyomzaa Magista, akamlea Magista, akamwombea Magista. Mimi niliyemgeuza kitandani tangu Machi nilipata mstari mmoja: "na binti mmoja, mjane." Kristina hukumtaja. Mjukuu aliyemzika kwa mikono yake.

Ukiwa unaharakisha kwenda kwenye gari, hukumsikia Barbara pale makaburini. Daktari wako alikuwa amesimama karibu. Barbara akamwuliza, na unajua sauti yake, "Bwana Daktari, nyie mliosoma. Huyu Magista wetu anasema wimbo kautunga yeye. Sasa ziwa kalitoa wapi?"

Daktari akasema, "Kwenye kitabu imeandikwa jicho, mama."

"Aa! Basi huyo mtoto alikufa kwa njaa."

Watu walicheka, na udongo bado uko mikononi mwao. Mimi sikucheka.

Jambo moja sikukwambia. Mwezi wa tatu, Mama alipoelewa kwamba Gottlieb yu hai, alivitafuta vijiti vyake, nikampa. Kisha akauliza, "Kama Gottlieb mzima, Balthasar alimlilia nani kwenye karamu?" Nilinyamaza kwa ajili yako, sitaki uniulize kwa nini. Akajijibu mwenyewe, akasema, "Kristina." Akageukia ukutani. Kesho yake ndipo alipouchagua wimbo.

Msamaha siombi.

Rosina


Leipzig, 4 Oktoba 1672

Dada yangu mpendwa Rosina,

Nakusalimu kwa upendo wa zamani. Natumaini mmepona mafua ya vuli. Gottlieb amepata jino jipya. Nimetuma kwa mkono wa mchukuzi sukari kidogo na kitambaa cheusi kizuri, uvae kwa ajili ya Mama.

Usiitupe barua hii kabla hujafika mwisho, tafadhali.

Maonyesho ya Mikaeli yamekwisha. Wafanyabiashara wa lesi walishuka kutoka milimani kwenu, na kila mmoja akafika kwenye meza ya Bwana Krumbholz mchapaji, akauliza, "Ule wimbo wa ziwa mnao?" Akawaonyesha wa jicho. Wakaurudisha. Krumbholz ni mfanyabiashara, hakuniuliza. Alichapa upya ukurasa ule ukiwa na ziwa, akaubandika kwenye vitabu vyote, na kwa vile huko kwenu umevuma akauweka wa kwanza. Juu yake jina langu kwa herufi kubwa, na dibaji yangu inayosema niliutunga usiku niliomzika mwanangu.

Kwa hiyo mji mzima sasa unasoma kwamba ziwa langu mimi, Balthasar Thiele, limejaa. Wanafunzi wananiita Magista Maziwa. Asubuhi moja nilikuta ndoo imefungwa kwenye kitasa cha mlango wangu, na kigoda cha kukamulia. Nikipanda mimbarini wavulana wanaokaa roshani ya kanisa wanalia kama ndama. Na wenye akili wanauliza swali baya zaidi, kwamba mtoto niliyemzika ni yupi, maana Gottlieb wanamwona anakimbia barabarani. Justina aliweka kijiko mezani mbele ya wageni akaniambia, "Ama wewe ni mwongo, ama wewe ni ng'ombe. Chagua, niwajibu watu."

Uamuzi wa kiti cha usimamizi ni Krismasi. Daktari Oehme amenidokeza kwamba jambo linaweza kuokolewa, kama itajulikana kwamba wimbo ule mmoja niliuingiza kwa heshima ya dada yangu mfiwa, na mchapaji akasahau kuandika hivyo.

Basi nakupa ulichoniomba. Krumbholz atachapa ukurasa mwingine: *Umetungwa na Mama Kristina*. Maneno yako manne, na ziwa lako. Sitataka kitu, ila utie sahihi kwenye karatasi niliyoambatanisha, mbele ya karani wa mji na mashahidi wawili. Inasema kwa kiapo kwamba wimbo huo peke yake ni wako, na kwamba zile arobaini na mbili nimezitunga mimi, wala hukuwa na mkono ndani yake. Wewe mwenyewe ulisema nibaki nazo. Ni neno lako, naliandika tu.

Nifanyie haraka, Rosina. Mimi ni mdogo wako.

Balthasar


Annaberg, 25 Oktoba 1672

Kwa Balthasar Thiele, Leipzig.

Salamu kwa Gottlieb, na kwa wifi Justina, ambaye kwa mara ya kwanza nimempenda. Nimemfumia kola, vidole vitatu kama alivyotaka, imo ndani ya kifurushi. Sukari tumeila mimi na akina Barbara. Kitambaa nakirudisha, Mama nilishamvalia nguo nyeusi.

Karatasi yako niliiweka mezani siku nyingi. Nitakwambia ukweli, kwa kuwa mmoja wetu lazima auseme: nilienda mpaka kwa karani wa mji. Nilichovya kalamu. Maneno yale manne nimeyataka kuliko nilivyotaka kitu kingine duniani tangu Kristina afe, na ulipoyaandika kwa mkono wako nililia njiani kama mwehu. Februari ungenipa, ningekubusu mikono.

Karani akanisomea kiapo kwa sauti. "Wala sikuwa na mkono ndani yake." Nikamwambia asome tena.

Mimi nilisema nitanyamaza. Kunyamaza nilikuwa nimezoea. Wewe sasa unataka nishike Biblia nizikane. Ule wa mvua ya mawe nilitunga shayiri yetu ikiwa chini yote. Ule wa taa nilitunga siku walipomleta Leubner kutoka shimoni, na sikuweza kumtambua ila kwa mshipi. Ule wa asubuhi, ambao nasikia wanauimba hata huko Leipzig, niliutunga kwa ajili yako, ulipokuwa na homa na umri wa miaka sita, nikikupepea. Hukuwahi kuniuliza hata mmoja ulitoka wapi. Nimeshaona unachokifanya kwa mtoto asiye wako, unamzika mara ya pili kwa jina la mwingine. Siwezi kumkomboa mtoto mmoja kwa kuwauza ndugu zake arobaini na wawili.

Nilirudisha kalamu kwenye wino. Karani akauliza, "Basi hutii sahihi, mama?" Nikamwambia mkono unauma.

Kwa hiyo jina lako litabaki pale pale. Nami kuna mahali panauma kwamba halitakuwa langu, wala sitajifanya hapaumi. Nitakufa na nyimbo arobaini na tatu, na kwenye kitabu sitakuwapo hata kwa herufi moja. Lakini huku kila siku tangu kunakucha wanaimba, na kila aimbaye anajua zimetoka nyumba gani. Wewe utakuwa na kitabu. Kiti sijui kama utakipata, na kusema kweli sikuombei.

Nakupa ushauri mmoja, wa bure. Mtaani watakuuliza tena ni mtoto gani uliyemzika, Magista, na ulimnyonyesha kwa lipi. Usitafute uongo mwingine, umechoka. Waambie aliitwa Kristina Leubner, wa Annaberg, alikuwa na miezi kumi na moja, na alikuwa na kidoa chekundu nyuma ya sikio la kushoto. Waambie kila wanapokuuliza. Watakuuliza mpaka uzeeke, na kila mara utalitaja jina lake.

Usiniandikie.

Mama Kristina